Tusi la Mwisho kwa Mukuka

Watu wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, wananijua kwa mambo mawili, kutengeneza baiskeli na kutukana. Baiskeli nilifundishwa na Mgiriki mmoja mwenye hasira kuliko mimi. Matusi nilizaliwa nayo, kwa sababu mimi Floribert ni mtu wa ukoo wa Mbuzi, na Mukuka alikuwa mtu wa ukoo wa Chui. Kwetu, Mbuzi na Chui ni watani tangu enzi za mababu. Naweza kumwita mama yako mchawi mbele ya wageni, nikamchukua kuku wako mchana kweupe, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe.

Mukuka alikuwa winga wa kushoto wa Flèche, timu yetu ya cité, mtaa wa sisi Waafrika. Kila Jumapili nilisimama kwenye mstari wa upande wake nikamtukana tangu filimbi ya kwanza. Timu zilipobadilishana magoli nilizunguka uwanja mzima nimfuate, huku watu wakinipisha na kucheka kabla sijafungua mdomo. Nilisema miguu ile ameazima kwa korongo na mwenyewe anaitaka. Nilisema chui gani huyu anayeogopa beki aliyeshiba bukari, huo ugali wetu. Na akichelewa hata kidogo kuufikia mpira, nilikuwa na tusi langu moja ambalo mji mzima ulilijua.

“Weye Chui! Umekufa?”

Hakugeuka hata siku moja. Aliinua mkono mmoja juu, hivi, kama mtu anayefukuza nzi, halafu akakimbia. Sijui niseme nini kuhusu kukimbia kwake. Mabeki walibaki wamesimama, na sisi tulipiga kelele mpaka koo zikauma. Mimi nilikuwa na mke, na kazi, na pumzi, lakini nikisema kweli, wiki yangu nzima ilikuwa inangoja mkono ule.

Kiangazi kile Flèche ilifika robo fainali ya kombe la cité, na goli la ushindi alifunga yeye. Baada ya mechi alinijia na jezi imejaa vumbi jekundu, akajifuta jasho kwa shati langu jeupe la kanisani.

“Mbuzi,” akasema, “kwa demi-finale nitakuacha bila sauti. Utaniomba pardon.”

“Weye utaomba pardon kwa viatu,” nikamjibu. “Vinachoka kubeba mujinga.”

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya mwisho. Jumanne homa ilimshika, ikapanda kichwani, akawa hamtambui hata mama yake. Ijumaa mchana alikuwa amekufa. Mtu aliyebeba magunia ya unga begani huku akiimba! Nilikuwa nimeshika gurudumu la mteja waliponiletea habari. Nilimaliza kuliziba, nikalijaza upepo, nikalipachika mahali pake, kwa sababu mikono haikujua kufanya kitu kingine.

Sasa lazima nieleze kazi ya mtani kwenye kilio, maana bila hilo hutaelewa aibu yangu. Mtani halii. Wenyewe ndio wanaolia. Mtani anachimba kaburi, kisha wakirudi nyumbani anaingia chumbani kwa marehemu, anavaa nguo zake, anatembea mwendo wake, anamwita mvivu kwa kulala wakati wenzake wako kazini. Anafanya hivyo mpaka mama mzazi acheke. Mama akicheka kweli, hata mara moja, ananyanyuka kwenye mkeka, anaoga, anakula chakula cha moto, na vitu vya marehemu vinaweza kushikwa na watu wengine. Asipocheka, kilio hakifungwi. Anabaki pale chini, bila kuoga, kwa uji wa baridi na maji. Na hawezi kuitwa mtani mwingine. Aliyechimba kaburi ndiye anayemaliza.

Kaburi nilichimba. Udongo wa Lubumbashi wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali, na nilishukuru kwa ugumu huo. Tuliporudi, wanawake walinigeukia, wakingoja. Mama Agnès, mama yake Mukuka, alikuwa ameketi kwenye mkeka na miguu ameinyoosha, mbabula ya makaa iko mlangoni kwa ajili ya baridi ya Juni. Niliingia chumbani. Jezi ilikuwa kwenye msumari, namba kumi na moja, bado haijafuliwa. Kola ilikuwa na jasho lake. Nilinyoosha mkono niichukue, na hapo ndipo nilipolia.

Nililia kama mjane. Nilitoka nje nikilia, mikono mitupu, mbele ya ukoo mzima wa Chui. Watu walijifunika nyuso kwa aibu. Shangazi yake Mukuka, mwanamke mfupi mwenye sauti ya filimbi, alinisukuma kifuani.

“Mbuzi gani analilia Chui?” akafoka. “Nani alikuita ulie? Bantu ya kulia tuko nao mingi!”

Mama Agnès aliniangalia tu bila hasira, na ningefurahi sana kama angenitupia kiatu.

Jumapili ya wiki iliyofuata ikawa nusu fainali. Padri Mbelgiji aliyesimamia timu alileta jezi mpya yenye namba kumi na moja, akampa Liévin, kijana wa akiba. Liévin aliishika kwa vidole viwili.

“Mon père, siwezi,” akasema. “Mama yake angali ku mukeka. Nafasi haiyafunguliwa.”

Padri alipaza sauti kuhusu upagani, akauliza kama ni Wakristo au si Wakristo. Wote walijibu kwamba ni Wakristo, na hakuna aliyeigusa jezi. Flèche ikaingia uwanjani watu kumi. Upande wa kushoto ukabaki mtupu, vumbi na mstari wa chokaa, na mimi nimesimama pembeni yake na mdomo mkavu. Watu walinigeukia kwa mazoea. Walipokumbuka, waligeuka tena upesi.

Tulishinda. Msiniulize namna gani. Timu ya kambi ya reli ilitubana mpaka mwisho, kisha Jeannot, kiungo wetu, akapiga shuti kutoka mbali na kipa wao akateleza. Watu walikumbatiana na kubebana. Mimi nilikasirika. Nilitaka kumpiga mtu, mtu yeyote aliyekuwa anacheka. Wangewezaje kufurahia goli ambalo yeye hakulikimbilia?

Lakini njiani kurudi nyumbani nilianza kufikiri jambo, na jambo hilo lilinishika kama homa nyingine. Nilijiambia: maadamu Flèche iko kwenye kombe, Mukuka bado ni mchezaji wa Flèche. Nafasi yake ipo, hakuna aliyeikalia. Nikimcheka leo, kesho Liévin atavaa namba yake, na yote yatakuwa yamekwisha. Kwa nini niharakishe? Tukilitwaa kombe, nitakuwa na nguvu ya kucheka. Nitaingia na kombe mkononi, nitamtukana mpaka paa litoke. Nilimweleza mke wangu Martine mpango huo kama mtu mwenye akili.

Martine alikuwa anakoroga sombe ya majani ya muhogo. Aliacha mwiko ndani ya chungu.

“Mama ya benyewe anakufa juu ya mukeka,” akasema, “weye unangojea kombe?”

“Ni dimanche ijayo tu. Jumapili moja.”

“Ulienda kumuona? Shingo yake imebaki kiloko hivi, kama kidole. Floribert, unamushikilia ule muntu asiende. Unamushikilia na mama yake pamoja.”

Nilimwambia anyamaze, nikatoka bila kula. Alikuwa na haki, na kwa hiyo sikumsamehe kwa siku nzima.

Katikati ya wiki nilijaribu. Naapa nilijaribu. Kibandani kwangu nilifanya mazoezi ya kutukana juu ya baiskeli za wateja, nikaziita chui, nikaziita mvivu, na mteja mmoja akachukua yake kabla haijatengenezwa. Kisha nilikwenda kwa Mama Agnès jioni ya mapema, jua likiwa bado juu ya moshi wa kiwanda. Alikuwa amesinyaa. Nywele zilikuwa na majivu, midomo imepasuka kwa baridi, na bakuli la uji lilikuwa kando yake, limeshika ngozi juu.

Nilisimama mbele ya mkeka.

“Chui huyu ni muvivu,” nikasema. “Analala muchana. Hana haya.”

Sauti yangu ilitoka kama ya katekista anayesoma matangazo baada ya misa. Hakuna aliyecheka. Shangazi alitazama paa.

Ndipo Mama Agnès akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alijaribu kunisaidia. Alifungua mdomo, akavuta midomo ile iliyopasuka, akatafuta kicheko ndani ya kifua chake, na kikatoka kikohozi. Alikohoa mpaka shangazi akamshika mabega. Tone la damu lilitokea kwenye mdomo wa chini.

“Ile haina kicheko,” shangazi akasema, lakini safari hii kwa upole.

“Najua,” akajibu Mama Agnès. Akanitazama. “Rudia tena siku ingine, baba. Miye niko tu hapa.”

Nilitoka nikatembea mpaka Karavia, mbali nje ya cité, bila kujua ninakokwenda, nikarudi. Nilimchukia Mukuka. Nasema wazi, nilimchukia kwa kufa, na kwa kuniachia mzigo ambao yeye angeubeba kwa mkono mmoja. Ingekuwa mimi niliyekufa, yeye angevaa suruali yangu yenye grisi, akatembea kwa magoti yangu yaliyopinda, na mama yangu angecheka mpaka akojoe.

Fainali ilikuwa dhidi ya Tonnerre. Uwanja ulijaa tangu asubuhi, watu walikuwa juu ya kuta na juu ya vichuguu vya upande wa pili. Nilisimama mahali pangu. Flèche iliingia watu kumi, na kelele zikapungua kidogo kama watu waliokumbuka kuvua kofia.

Mara watu nyuma yangu wakaanza kusogea. Nikageuka. Mama Agnès alikuwa anakuja, ameshikwa mkono na Martine, amejitanda kitambaa chake cheusi, hajaoga, majivu kichwani. Mfiwa ambaye kilio chake hakijafungwa hatoki nje ya ua wake, kila mtu anajua. Watu walimpisha kwa hofu, wengine wakafanya ishara ya msalaba.

“Mama, unafanya nini hapa?” nikamuuliza.

“Ninakuja kuona pahali alikuwa anakimbilia,” akasema. “Tangu anaanza kucheza, sikukuja hata siku moja. Nilikuwa ninauza karanga ku soko. Nilikuwa ninasikia tu makelele, ninasema, njo yeye, njo mutoto yangu.” Njo kwetu ni ndiye, na pia ni ndiyo. Akaketi chini vumbini, kando ya mguu wangu, karibu na mstari. “Alikuwa anapita hapa?”

“Hapa hapa, mama.”

“Tukana basi, mutani.”

“Mama, siwezi.”

Alitazama vumbi la upande wa kushoto kana kwamba nyayo bado zipo.

Tonnerre walifunga mapema. Watu wetu walikimbia kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, wakachoka mapema, na mpango wangu wa kombe ukaanza kuvuja mbele ya macho yangu. Kipindi cha pili tulizunguka uwanja kufuata upande wa kushoto kama nilivyofanya siku zote, ila sasa taratibu, Mama Agnès katikati, mimi na Martine tumemshika. Alikuwa mwepesi mno. Nilihisi mifupa ya mkono wake chini ya kitambaa, nikaomba moyoni, goli moja tu, Mungu, goli moja halafu lingine, nipe hilo kombe nimpe huyu mama. Nilikuwa nimepiga magoti bila kujitambua. Martine alinivuta kwa kola nikasimama, na Mama Agnès akaketi tena vumbini.

Dakika za mwisho Jeannot akaupata mpira katikati ya uwanja. Watu wawili walimjia. Hakuinua kichwa. Alizungusha mguu na kuupiga kushoto, mrefu, ule mpira aliompigia Mukuka tangu walipokuwa watoto wa shule ya mapadri, wenye kujua wenyewe mahali pa kushuka. Ulipita juu ya mabeki, ukadunda mbele ya kona na kuanza kubiringika peke yake. Ulikuwa mpira mzuri kuliko yote ya siku hiyo. Beki wa Tonnerre alisimama. Naapa alisimama, akageuza shingo nyuma kutazama nani anakuja. Jeannot alikuwa ameshainua mikono kushangilia, na mikono ikabaki juu. Uwanja mzima ulikuwa unauangalia mpira ule ukibiringika kuelekea mstari, na hakuna mtu anayeukimbilia.

Mdomo wangu ukafunguka. Sikuutuma.

“Weye Chui! Umekufa?”

Padri aligeuka. Mpira ulivuka mstari, ukagonga mguu wa mtu na kutulia. Jeannot alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. Nilitaka ardhi inimeze.

Kisha chini, karibu na goti langu, nikasikia sauti. Nilidhani analia. Nikainama nimshike, nikaona meno yake.

“Njo!” Mama Agnès akapiga kelele. “Njo, amekufa! Amekufa, ule muvivu!”

Alikuwa anacheka. Alipiga vumbi kwa viganja, akacheka, machozi yakichimba njia kwenye majivu ya mashavu, akainua kichwa na kucheka tena. Martine akaanza, na mzee aliyekuwa nyuma yetu, na ukuta mzima wa watu. Kicheko na kilio vikachanganyika mpaka huwezi kujua nani anafanya kipi. Na ulimi wangu ukakimbia. Nilimwambia ni chui gani anayelala siku ya fainali. Nilimwambia kule alikokwenda wamemwekea benchi, maana malaika hawapendi winga mwenye uchoyo wa mpira. Nilimwambia viatu vyake vimeomba pardon, vimepewa, yeye bado. Kila tusi Mama Agnès alilijibu kwa kicheko, na kila kicheko nilihisi nimemwaga sepetu nyingine ya udongo juu yake. Sikuweza kuacha. Nilikuwa ninamzika, safari hii kweli, kwa mdomo wangu mwenyewe, na watu walikuwa wananishangilia.

Tulifungwa. Kombe lilichukuliwa na Tonnerre, hata sikumbuki nani alilipokea.

Mama Agnès alinyanyuka bila kushikwa. Alijikung'uta vumbi, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamka safarini.

“Nani iko na chakula ya moto?”

Mwanamke mmoja alimpa karanga alizokuwa anakaanga pale pale juu ya mbabula. Alizila kwa pupa, na maganda yake, akijipuliza vidole. Alipomaliza alinishika mkono kwa vidole vyenye chumvi.

“Aksanti, mutani,” akasema. “Sasa amekufa.”

Siku ile ile niliichukua jezi msumarini. Niliivaa, nikatembea ule mwendo wake wa kuchomoa mabega, wakacheka tena, nikaivua na kumtupia Liévin. Mama Agnès alikuwa ameshaoga, ananukia sabuni. Kazi yangu ilikuwa imekwisha, na ilikuwa imefanywa vizuri, hata shangazi alisema hivyo. Nilikwenda nyuma ya nyumba yao, mahali pa kufulia, nikalia ndani ya shati langu lile la kanisani, ambalo Martine alikuwa ameshalifua na doa la jasho la Mukuka lilikuwa limetoka.

Liévin si mbaya. Ana mbio. Msimu mpya ulipoanza, Jumapili ya kwanza alichelewa kuufikia mpira mmoja, na uwanja mzima ukanigeukia kwa furaha, ukingoja. Yeye ni mtu wa Kasai, hana utani nami, nikimtukana atanishtaki kwa padri. Lakini si hilo lililonizuia. Maneno yalikuwa mdomoni, tayari, sauti yangu imenirudia yote. Nilitazama vumbi la upande wa kushoto, na nilikaa vile mpaka filimbi ya mwisho, nikingoja mkono ule wa Mukuka.